Kumngoja Bwana

Ndugu wapenzi, katika Imani twakiri ya kuwa Bwana Yesu atarudi kuwahukumu wazima na wafu. Je, twamngojaje?

Huko Marekani, mwaka 1844, wafuasi wa mhubiri William Miller walimtazamia Bwana tarehe 22 Oktoba. Wengine waliacha mazao shambani pasipo kuyavuna. Siku ikapita, usiku ukapita, kukapambazuka; wakalia sana. Tusiwacheke, maana walitamani kumwona Bwana; je, sisi twatamani vivyo? Lakini walitaka kuijua siku ambayo Bwana mwenyewe alisema hakuna aijuaye ila Baba.

Mtume Paulo aliwafariji Wathesalonike kwa habari ya kuja kwa Bwana, tena akawaagiza kufanya kazi kwa mikono yao. Mawili hayo hayatengani.

Basi mwalimu na afundishe, mkulima na alime, naye aliyekosana na jirani yake na apatane naye leo, asingoje kesho. Yubile hii yatuhesabia miaka iliyopita. Iliyosalia Mungu ameificha. Bwana ajapo, mchana au usiku, na atukute kazini, mioyo yetu ikimtazamia. Amina.