Sehemu ya Kumi ya Sekunde: Uprogramu na Uhandisi katika Utafiti wa Kijeshi

Mada kwa semina ya wanafunzi wa darasa la mwisho, Lubutu



Hapa kwetu likitajwa jeshi, wazee hukumbuka kambi ya wakimbizi ya Tingi-Tingi mwaka 1997, na vijana hukumbuka Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale. Jeshi kwetu ni bunduki na kukimbia. Leo nimeombwa niseme juu ya upande wake usioonekana barabarani: watu wanaokokotoa, wanaopima, wanaoandika programu za mitambo ya vita.

Nianze na kisa kimoja. Tarehe 25 Februari 1991, katika Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukurusha kitu, ingawa ulikuwa umewaka na askari wake wapo. Saa ya mtambo ule ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha programu ikazidisha hesabu hiyo kwa 0,1 ili ipate sekunde. Sasa, kompyuta huandika kila namba kwa 0 na 1 tu, na kwa maandishi hayo 0,1 haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho tukiiandika kwa desimali. Nafasi iliyotengwa ilikuwa biti 24, yaani tarakimu 24 za namna hiyo. Mkia ukakatwa.

Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, hata mwalimu mkali asingekiwekea alama nyekundu. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 hivi bila kuzimwa, na kile kidogo kikajumlika hadi kufika sekunde 0,34. Scud hukimbia zaidi ya kilometa moja na nusu kwa sekunde. Zidisheni wenyewe: ni zaidi ya nusu kilometa. Patriot ikalitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran kesho yake.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kazi yenyewe. Kijana anayeota kubuni makombora atashangaa kuona siku zake nyingi zinakwisha akijaribu kilichokwisha kubuniwa na mwingine: kuwasha mtambo kwa wiki nzima, kuandika namba, kuuliza kwa nini ya leo haifanani na ya jana. Asiyependa kazi ya namna hiyo atafute nyingine mapema.

Wala msidhani mambo haya hayajawahi kufika nchini kwetu Kongo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kilometa za mraba 100,000 hivi kaskazini mwa Shaba, yaani Katanga, ili irushie roketi. Aliyeiongoza ni mhandisi Lutz Kayser, na pamoja naye alikuwapo Kurt Debus, aliyewahi kusimamia kituo cha anga za juu cha Kennedy cha Marekani. Roketi yao iliundwa kwa mabomba ya chuma yanayofanana yaliyofungwa pamoja, na vali zake zilifunguliwa na mota za kufutia vioo vya magari. Mimi napenda sana mota zile: mhandisi aliyekomaa haoni haya kutumia kitu cha bei rahisi kikifanya kazi. Kampuni ilisema inataka kupeleka setilaiti angani. Wasovieti wakasema ni makombora ya vita. Mnamo Juni 1978 roketi ilianguka mbele ya Mobutu mwenyewe, na mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa. Roketi kuanguka si ajabu, ndivyo majaribio yalivyo. Kinachoniuma ni kwamba shughuli ilihamia Libya, na Shaba hakikubaki chuo hata kimoja cha kufundisha walichokuwa wakifanya.

Tanzania walichukua njia nyingine. Kibaha kuna kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, kilichoanzishwa rasmi 1985 chini ya wizara ya ulinzi, na pale lilibuniwa lori. Morogoro, shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine na jeshi la Tanzania, hufundisha panya kunusa mabomu ya ardhini. Uganda, mabasi ya umeme ya Kayoola yaliundwa katika kiwanda cha jeshi cha Nakasongola. Ukiwa fundi wa betri pale, umo jeshini au umo uraiani? Swali lenyewe halina maana sana, na nafasi kama hiyo, kati ya jeshi na uraia, ndiyo ninayowashauri muitafute.

Nasema hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uraia: maabara za kijeshi za nchi nyingi hazimfungulii mgeni, hata awe na akili namna gani. Mkongomani atapitia jeshi lake mwenyewe, au kazi zinazohitajika pande zote mbili, jeshini na uraiani: ramani, redio, betri, uondoaji wa mabomu. Shule zipo: kitivo cha uhandisi Lubumbashi, chuo cha ufundi cha ISTA Kinshasa, na kwa msingi wa hesabu, Kisangani. Hapa nyumbani anzeni na redio mbovu. Ndani yake huenda mkakuta kapasita ya tantali, kitone cha rangi ya chungwa kilichotengenezwa kwa madini yanayotoka kwenye koltani, kama ile inayochimbwa Punia na Walikale. Ina mstari mdogo upande wa chanya. Ukiiunga kinyume, inaungua. Jifunzeni kuusoma mstari huo.

Sababu ya pili ni siri. Anayeingia utafiti wa kijeshi hutia sahihi ya kunyamaza. Mara nyingi hamwelezi mkewe anachokifanya, hachapishi, na akiacha kazi baada ya miaka kumi hana cha kumwonyesha mwajiri mpya. Kwa hiyo miaka ya kwanza fanyeni kazi inayoweza kuonyeshwa hadharani na kukosolewa na wenzenu. Na siku mtakapoitiwa ile kazi ya siri, kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni mtambo utaelekezwa wapi, na nani mwenye haki ya kuuzima.