MTOTO ALINDWE, LAKINI ASIFUNGWE

Ndugu wazazi wenzetu wa mjini na mashambani,

Sisi ni wazazi na walezi wa Ngamiani, Tanga. Wengine wetu ni mabibi, tunalea wajukuu. Maneno haya tuliyazungumza kwanza wenyewe kwa wenyewe, barazani, baada ya jambo lililotupata. Sasa tunayaleta kwenu. Huenda nanyi mna kisima, mto au lambo karibu na nyumba.

Jambo lenyewe ni hili. Tulikuwa na kijana wa miaka 9. Sote tulikubaliana: huyu, baharini haendi! Tulimtisha kwa majini, tukamtisha kwa papa, tukamtisha kwa fimbo. Basi tukaona tumemlinda.

Siku moja ya likizo akatoka na wenzake. Wakavuka reli, wakashika njia ya pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Wakatembea mbali sana mchangani, wakifukuza kaa. Hawakujua kwamba siku ile ni bamvua. Maji yalipoanza kujaa, yalipita nyuma yao na kuwatenga na nchi kavu. Wenzake walijua kuogelea. Wetu hakujua. Mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa ndiye aliyemtoa majini. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani mzima, akitetemeka.

Usiku ule kulikuwa na maneno mengi. Mmoja akasema, "Ajali haina kinga." Mwingine akasema, "Afungiwe ndani mpaka akue." Ndipo bibi mmoja akauliza, "Hebu niambieni, nani kati yetu alimfundisha mtoto huyu kwamba maji hujaa?" Loo! Tukanyamaza. Sote tumekulia pwani, na hakuna aliyemfundisha.

Hapo tukaona kosa letu. Katazo tupu halikumzuia kwenda baharini. Lilimzuia kutuambia tu.

Sasa tuseme na sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja wajibu wa mzazi. Inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Katika orodha hiyohiyo inataja uhuru, pamoja na haki ya kucheza na kupumzika. Kisha inatuagiza tumkinge mtoto na ukatili, kutelekezwa na hatari. Kumbe ulinzi na uhuru si maadui. Vyote viwili ni deni letu kwa mtoto.

Lakini deni hili hulipwa kidogo kidogo, kwa umri. Sisi tumekubaliana hivi.

Kwanza, mtoto mdogo wa chini ya miaka 5 hana uhuru mbele ya maji. Huyu ni wa kuangaliwa kwa macho, na awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Hata ndoo yenye maji kidogo inaweza kumwua, maana kichwa chake ni kizito na akiinama huanguka kwa kichwa. Funika kisima. Funika pipa. Mwaga maji ya ndoo ukimaliza kufua. Wala usimwachie mlezi wa miaka 6 amwangalie. Huyo naye ni mtoto.

Pili, mtoto wa shule afundishwe njia. Ngamiani tuna bahati, barabara zetu zina namba. Mtoto akijua kuhesabu, anajua kwao. Mara ya kwanza nenda naye dukani. Mara ya pili yeye atangulie, wewe ufuate. Mara ya tatu msimamie mlangoni umtazame. Halafu aende peke yake. Aangalie pikipiki pande zote mbili, maana bodaboda nyingine hazifuati upande wake.

Tatu, afundishwe maji. Shirika la Afya Duniani linasema kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani, na linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Basi tulimtafuta mtu mzima anayejua, akaanza na watoto wetu kwenye maji ya kiunoni. Kwanza kuelea chali. Kisha kurudi ufukoni. Tukawafundisha pia kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari kama saa 6. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua. Hapo maji ya Tanga hupanda zaidi ya meta 3. Mwenzako akizama, usimrukie. Mrushie dumu tupu au kamba, na piga kelele.

Nne, wasichana wasisahauliwe. Wao tunawafungia zaidi, halafu haohao ndio tunaowatuma kisimani na mtoni. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima. Heshima haikupungua, na uhai umepata kinga.

Tano, tusichanganye kujitegemea na kutelekezwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka mtoto afikiri na afanye kazi. Hakusema mtoto wa miaka 8 auze karanga stendi saa 3 usiku. Sheria yetu inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi. Mtoto afundishwe pia kukataa anaposhikwa vibaya, hata na ndugu, na kwamba siri ya namna hiyo haifichwi. Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto, na haitozwi pesa.

Wako watakaosema, "Mkiwafundisha kuogelea, ndio watakwenda zaidi." Nasi tulisema hivyo. Jibu letu ni hili: watakwenda tu. Bahari ipo pale, na mto wako upo pale. Tunachoweza kuchagua ni kama wataingia wajinga au wanaojua, kwa kujificha au kwa kuaga.

Juzi yule kijana wetu aliomba ruhusa ya kwenda pwani na mjomba wake. Tukamwuliza, "Maji yanajaa saa ngapi?" Akahesabu vidole, akatazama juu. Akasema, "Leo bamvua. Afadhali twende wiki ijayo."

Hatukumkataza. Alijikataza mwenyewe.

Ndugu zetu, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Kaeni nanyi mjadiliane: kijijini kwenu hatari ni ipi, na nani atawafundisha watoto kabla haijawafundisha yenyewe?