Hotuba juu ya Kuwazuru Waumini Nyumbani Kwao

(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi tulio katika ofisi ya chama si wachungaji wala wahubiri. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini ni daftari hilo hilo lililotusimamisha leo mbele yenu, kwa kuwa limetuaibisha.

Katika mwaka huu unaokwisha tuliona jina la mzee mmoja halina alama ya ada kwa miezi minne. Kanisani nako mahali pake palikuwa patupu. Tukafuata kanuni, tukaandika kando ya jina lake neno “Ameacha”. Baada ya majuma machache jirani yake, ambaye si mwanachama wala si wa dini yetu, alikuja kutuuliza kama sisi ndio watu wa mzee yule. Kumbe muda ule wote alikuwa kitandani, miguu imevimba, na aliyempelekea uji ni jirani huyo. Tulipoingia, neno lake la kwanza lilikuwa kutuomba radhi kwa kuwa hakulipa ada. Hatukupata la kumjibu. Alipelekwa hospitali, asirudi. Fedha za mazishi zilichangwa kwa siku mbili. Fedha za dawa hazikuchangwa kamwe, kwa sababu hakuna aliyejua. Mzee yule hakuacha kitu. Sisi ndio tulioacha.

Wako wanaosema kwamba kuzuru ni kazi ya mchungaji peke yake. Tuifanyie hesabu. Tuseme nyumba za waumini ni 120, na mchungaji azuru nyumba mbili kila juma. Atamaliza kwa majuma 60, nao mwaka una majuma 52 tu. Nyumba ya mwisho itangoja zaidi ya mwaka, na ugonjwa haungoji. Lakini tukiwa na jozi 12 za wazuru, kila jozi ikiwa na nyumba kumi, nyumba zote zitafikiwa kwa majuma matano.

Mashauri haya si mapya. Yethro alimwonya Musa asibebe mzigo wa watu peke yake, bali aweke wakuu, hata wakuu wa makumi. Kanisa la kwanza huko Yerusalemu lilichagua watu saba wajane walipokuwa wakisahauliwa. Na huko Uingereza, katika mji wa Kidderminster, mchungaji Richard Baxter alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1656 jinsi alivyotenga Jumatatu na Jumanne kwa kazi hii, akionana na jamaa 15 au 16 kila juma, ili jamaa zaidi ya 800 za usharika wake zifikiwe katika mwaka mmoja. Naye hakufanya peke yake; alikuwa na msaidizi.

Basi twaomba kazi ipangwe hivi. Kwanza, daftari liandikwe kwa mitaa na nyumba, si kwa herufi za majina, ili mzuru aone mlango upi unafuata upi. Pili, wazuru waende wawili wawili, na katika kila jozi awemo mama, maana yako mambo ambayo mama mgonjwa hawezi kumwambia mwanamume. Tatu, wapeleke habari mapema, wasimwamshe mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nne, kitabu cha stakabadhi kibaki ofisini. Mwenye deni akiona kitabu hicho mlangoni, atanyamaza ndani hata hodi ya tatu. Tano, chai ikiletwa inywewe kwa shukrani, lakini isitazamiwe. Wako wanaojificha kwa haya ya kukosa sukari tu. Sita, siri ya nyumba ibaki katika nyumba. Kwa karani liletwe neno moja kati ya matatu: “wazima”, “wagonjwa”, au “wana shida”. Mengine aambiwe mchungaji, kwa ruhusa ya wenyewe.

Huenda mtu akasema kwamba siku hizi simu yatosha. Simu ni msaada, wala hatuidharau. Lakini mgonjwa mwenye haya atasema katika simu kwamba hajambo, nayo simu haioni kwamba jiko halikuwashwa tangu jana.

Wazee wetu, hatukuja kuomba fedha. Twaomba wazuru 24, na twaomba kanuni moja ibadilishwe: jina la mwanachama lisikatwe, wala neno “Ameacha” lisiandikwe, kabla watu wawili hawajafika nyumbani kwake wakabisha hodi. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jirani yule wa mzee wetu hakulipa ada kwetu hata senti moja, lakini ndiye aliyefanya kazi ya chama hiki tulipokuwa tumelala.

Daftari la mwaka mpya liko mezani, halijaandikwa jina. Atakayekubali kuzuru na aje tuanze na lake.