Kukarabati Bila Kufuta: Hoja Kuhusu Magari Madogo ya Kabla ya Vita Pwani ya Kilwa na Lindi



Mada hii inahusu magari madogo yaliyoundwa kabla ya mwaka 1939, ya jamii ya Ford Model T, Austin Seven na Morris Eight. Swali lake ni moja: fundi afanye nini gari kama hilo linapomfikia, liwe zima, liwe nusu, au liwe chesisi tu iliyosahauliwa nyuma ya ghala la mkonge? Jibu lililozoeleka ni kulivua mpaka chuma kionekane, kung'oa kila kisichotoka kiwandani, kisha kulipaka rangi na kulirudisha lilivyokuwa siku liliponunuliwa. Ninapinga jibu hilo. Gari lililofanya kazi pwani ya kusini linapaswa kukarabatiwa kama wahifadhi wanavyokarabati kuta za Kilwa Kisiwani: liguswe pale tu penye lazima, kwa vitu vinavyopatana na vile vya zamani, na viraka vya mafundi waliotangulia viachwe mahali pake. Silisemi hili kwa sababu fedha na spea ni haba, ingawa vyote ni haba kweli. Ninalisema kwa sababu viraka hivyo ni ushahidi ambao haupatikani mahali pengine.

Gari dogo liliipata nafasi yake katika historia ya pwani hii kwa sababu ya mbung'o. Bara ya Kilwa na Lindi haikuwa nchi ya punda wala ya maksai wa kukokota mizigo, kwa kuwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwamaliza, hivyo mzigo ulisafiri kichwani mwa mtu. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru ilibebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin, na leo mmoja wa mijusi hao amesimama makumbusho huko akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mwaka 1917 majeshi ya Uingereza yalisonga kutoka Kilwa na Lindi kulifuata jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, yakapigana Narung'ombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba. Katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Ndipo Ford nyepesi zilipoanza kuchukua sehemu ya mzigo uliokuwa vichwani mwao. Lori zito lilizama matopeni likakaa huko, lakini Ford Model T haikufika tani moja, na watu wachache wenye nia waliweza kuinyanyua. Ilikuwa na springi moja iliyolazwa kwa upana mbele na nyingine nyuma, hivyo kila gurudumu lilipanda na kushuka kwenye mashimo bila kuikunja chesisi. Haikuwa na pampu ya petroli. Mafuta yalishuka yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti, kwa hiyo tangi likiwa karibu tupu dereva alipanda kilima kinyumenyume, jambo ambalo dereva wa bodaboda wa leo hatalisadiki mpaka achorewe.

Baada ya vita hivyo magari ya aina hiyo na wenzake wadogo waliofuata yaliishi maisha marefu na magumu kuliko waundaji wake walivyotarajia. Mikoa ya kusini ilikaa mbali na Dar es Salaam kwa muda mrefu mno. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, na kabla ya hapo msafiri alitegemea kivuko na barabara ambayo masika iliikata kwa wiki nyingi. Katika mazingira hayo fundi hakuwa na anasa ya kusubiri spea halisi. Gasketi ilikatwa kwenye ngozi au kadibodi, jani la springi lililovunjika likabadilishwa kwa jani la gari jingine, na mbao za ndani ya bodi, ambazo kwa magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo zilikuwa za mti wa ash, zikabadilishwa kwa mninga ambao fundi wa mashua na fundi wa milango walikuwa nao tayari. Vitu hivi huitwa uchakachuaji na wapenzi wa magari ya kale. Lakini hebu tuulize: gari lililotengenezwa Birmingham kwa muda mfupi, kisha likatengenezwatengenezwa Lindi kwa miaka ishirini, historia yake kubwa iko wapi? Austin Seven ziliundwa karibu 290,000 kati ya 1922 na 1939, na Model T zaidi ya milioni 15. Mfano wa gari lilivyotoka kiwandani upo katika makumbusho nyingi duniani. Mfano wa gari hilo hilo lilivyoishi kusini mwa Tanganyika haupo popote ila ndani ya viraka vyake.

Tunao mfano mkubwa zaidi hapa hapa nchini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi. Iliopolewa 1924 na ikaanza kazi tena 1927. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Mpenzi wa mvuke atasikitika, na ana haki. Lakini isingekuwepo meli ya kumsikitisha kama ingeachwa bandarini ikingojea boila halisi. Umaarufu wa Liemba umetokana na kuzama kwake, kuopolewa kwake na kubadilishwa kwake, na anayetaka kuirudisha ilivyokuwa 1913 atakuwa ameipunguza.

Sasa nirudi Kilwa, maana hapo ndipo kanuni ilipojaribiwa kwa gharama. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakaondolewa humo 2014 baada ya kazi ya miaka. Somo ambalo wahifadhi wa majengo ya matumbawe wamelishika ni kwamba ukuta wa mawe na chokaa usitiwe saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji ya chumvi yakishafungiwa ndani, hukauka kwa kupitia kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalomeng'enyuka huku kiraka kikibaki kizuri kutazamwa. Chokaa ni dhaifu, na udhaifu huo ndio faida yake: inaharibika yenyewe kwanza, na fundi anaiweka tena. Mkataba wa Venice wa 1964 uliongeza kanuni mbili ambazo kila mhifadhi anazijua, yaani urejeshaji ukome pale ubunifu wa kubahatisha unapoanza, na kilichoongezwa kipatane na cha zamani lakini kiweze kutambulika. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Torino, ambao kwa sehemu kubwa unayapeleka mawazo hayo hayo kwenye magari.

Kwenye gereji kanuni hiyo ina maana nzito kuliko inavyosikika. Tuanze na bodi, kwa kuwa chumvi ya upepo wa bahari huanzia hapo. Mtindo wa kujaza mashimo ya kutu kwa plasta nene, au kuchomelea bati jipya juu ya bati lililooza, ni saruji ya Kilwa kwa sura nyingine: unyevu unabaki katikati, na baada ya misimu michache kiraka kinadondoka na kipande cha chuma kizima. Afadhali kukata mpaka penye chuma hai, kuunga ukingo kwa ukingo, na kuacha mshono uonekane kwa ndani. Pale ambapo kiraka cha zamani kimefungwa kwa ribiti na bado kinashika, kisafishwe, kipakwe mafuta na kiachwe. Mbao za mninga zisitolewe ati kwa sababu si ash. Mninga hausinyai sana ukikauka, na mara nyingi utakuta ndio uliozuia milango isiachane na nguzo zake.

Ndani ya injini mambo ni hivyo hivyo. Beringi za zamani zilimiminwa kwa aloi laini ya bati, antimoni na shaba, na ulaini wake ulikusudiwa: uchafu unazama ndani yake na krenki inapona. Anayeweka chuma kigumu ili "kisiishe tena" atakuja kuchonga krenki, na krenki ya Austin Seven za mwanzo ilishikwa na beringi mbili tu, ikapinda kidogo kila ilipokimbia. Oili nayo ina mtego wake. Katika injini hizo oili hurushwa kwa vijito vyembamba vilivyoelekezwa kwenye krenki. Ukimwaga oili ya kisasa yenye sabuni katika injini ambayo haijafunguliwa kwa miaka hamsini, tope lililolala litaamka lote kwa pamoja na kuziba vitundu hivyo. Rejeta nayo haina pampu, maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka yenyewe, kwa hiyo mirija ikipungua upenyo kidogo tu injini inachemka. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Gari la kale pwani hii linyweshwe maji ya mvua. Kwenye magneto, kapasita ya karatasi iliyokufa kwa unyevu inaweza kubadilishwa kwa ya kisasa iliyofichwa ndani ya kopo lile lile la zamani, na ile ya zamani ikahifadhiwa ndani ya bahasha yenye tarehe. Mabadiliko ya namna hiyo yanafutika, na fundi wa baadaye akipata njia bora hatakuta mlango umefungwa.

Wapo watakaosema soko linataka gari linalong'aa. Katika mashindano ya urembo wa magari yanayofanyika Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi huchungulia hadi chini ya gari, na doa ni alama iliyopotea. Sikatai. Hata hivyo soko lenyewe limeanza kugeuka. Mwaka 2009 Bugatti ndogo ya 1925 iliopolewa katika ziwa Maggiore ilikokaa tangu 1936, upande mmoja ukiwa umeliwa na kutu kabisa. Januari 2010 iliuzwa mnadani Paris kwa euro 260,500, na aliyeinunua aliiweka makumbusho California kama ilivyo. Pebble Beach nako, ambako ndiko kwenye mashindano yanayosifika kuliko yote, kuna kundi la magari ambayo hayajarejeshwa. Tukianza leo kuyavua ya kwetu, tutakuwa tumefika sokoni wakati wateja wanaondoka.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi na haijibiki kwa mzaha. Breki ya mguu ya Model T hushika ndani ya gia, na magurudumu ya mbele hayana breki yoyote. Kuliingiza gari hilo barabara kuu ya Lindi, kati ya mabasi na malori ya saruji yatokayo Mtwara, ni kutafuta maafa. Lakini dawa yake si kulifunga breki za Toyota, kwa sababu ekseli, rimu na chesisi havikuundwa kubeba nguvu hiyo, na kinachovunjika baadaye huwa ni ekseli. Tairi, mipira na waya zenye insulesheni ya pamba zibadilishwe bila mjadala, kioo cha kawaida kibadilishwe kwa cha usalama, kisha gari liendeshwe mitaa ya Kilwa Kivinje kwa mwendo wake. Gari la kale halina haki ya kudai kasi ya leo.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini kwenye vikao kama hiki: haya yalikuwa magari ya mabwana shauri na wenye mashamba ya mkonge, ya nini kuyahangaikia? Ni kweli, na barabara zake nyingi zililimwa kwa kazi za shuruti. Lakini hapa ndipo kulirudisha gari upya kunapojikana kwenyewe. Gari lililorudishwa katika hali ya kiwandani linamsimulia mwenye gari peke yake. Dereva, utingo na fundi aliyelifufua kwa jani la springi la kuokota hawamo. Anayechukizwa na historia ya mabwana ndiye angekuwa wa kwanza kutetea kiraka, maana kiraka ndiyo saini pekee ambayo watu hao wengine waliiacha.

Lipo jambo la mwisho, la haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inaitaja pia milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mlango wa 1930 wa Kilwa Kivinje umo, lakini gari la 1930 lililoegeshwa mbele yake, kwa tarehe yake tu, halimo. Wakati huo huo mizani ya vyuma chakavu haiulizi mwaka. Vipande vingi vimekwisha kuwa vitu vingine: springi imefuliwa ikawa tezo au mundu, rimu imetundikwa mwembeni ikawa kengele ya shule. Hivyo visirudishwe garini. Viorodheshwe hapo vilipo, kwa picha na kipimo, kwa kuwa tezo iliyotoka kwenye springi ya Ford ni sehemu halali ya maisha ya gari hilo. Vile ambavyo bado ni gari vinahitaji daftari moja kwa kila gari, litakaloandikwa kilichokutwa, kilichotolewa, kilichowekwa na nani alikiweka. Kazi hiyo inawafaa wanafunzi wa ufundi magari wa VETA Lindi, na inaweza kuanza kabla sheria haijaguswa na kabla senti ya mfadhili haijaonekana. Ninaomba kikao hiki kijadili namna ya daftari hilo, hasa safu zake, maana ndipo mafundi na watu wa makumbusho watakapobishana.