Mafuta ya Usukani Kabla ya Msimu wa Korosho



Leo hatuzungumzi juu ya ubwiri unga wala juu ya palizi. Tunazungumza juu ya gari, na msishangae. Mkulima wa Masasi au wa Newala akishaokota na kuanika, korosho zake bado si fedha mpaka zifike ghala la chama cha msingi. Tangu mwaka 2007, ulipoanza mpango wa stakabadhi ghalani katika zao hili, mzigo hufika ghalani kwanza ndipo mnada ufuate. Baadhi ya vijiji viko mbali na ghala, njia ni mchanga mtupu, na gari lililozoea kuingia huko ni Land Rover ya zamani, ile ya kabla ya mwaka 1985, yenye chuma kingi na maneno machache.

Sasa fikiri gari hilo limepakia gunia kumi za korosho, na juu ya gunia wamekaa watu. Linateremka kutoka Newala kuelekea Masasi. Anayeijua Newala anajua mji ule umekaa ukingoni mwa nyanda za juu, na waliofika Shimo la Mungu wameona kwa macho yao jinsi ardhi inavyokatika pale. Dereva anakata kona, usukani unakuwa mgumu, au unazunguka bure kidogo ndipo magurudumu yafuate. Mahali kama hapo hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Breki kila mtu anaziangalia, kwa sababu zikichoka zinasema. Usukani hausemi. Mafuta yake yanavuja tone tone, mchanga unayanywa, wala chini ya gari huoni kitu.

Basi tuanze na kujua mafuta yenyewe yako wapi. Katika Land Rover hizi hakuna pampu ya kusaidia usukani. Nguvu ni ya mikono ya dereva. Ukifungua boneti, upande wa dereva, chini ya mti wa usukani utaona sanduku la chuma, ambalo mafundi huliita stelingi boksi. Ndani yake mna skrubu nene, na nati inayotembea juu ya gololi za chuma. Gololi hizo ndizo zinazoufanya usukani uwe mwepesi, na zinaogelea katika mafuta mazito ya gia, namba 90. Kwenye kopo huandikwa 90 au 80W-90, pamoja na herufi EP. Ni mafuta yale yale yanayotumika katika difu.

Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Kabla ya kufungua kitu chochote, chukua kitambaa ufute sanduku lote, hasa kuzunguka kizibo cha juu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mchanga wetu ni mwembamba kama unga. Punje chache zikiingia kwenye gololi, zinasaga chuma kama jiwe la kunolea, na hapo ingekuwa heri usingefungua kabisa. Ukishasafisha, fungua kizibo kwa spana yake, si kwa nyundo na tindo. Mafuta yanatakiwa yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kizibo. Usipoyaona, chovya kijiti safi au waya. Kikitoka kikavu, ujue gololi zimekuwa zikisagana.

Ongeza pole pole. Mafuta haya ni mazito na tundu ni dogo, kwa hiyo chupa yenye mdomo mwembamba au bomba la sindano kubwa litakufaa kuliko kumimina kwa kopo. Mimina kidogo, ngoja yashuke, mtu mmoja ageuze usukani kushoto na kulia, kisha mimina tena. Yakifika kwenye ukingo, basi. Rudisha kizibo na ukikaze.

Wengi huishia hapo, na mimi naona ndipo penye kasoro. Land Rover hizi zina kipande cha pili cha usukani ambacho hata baadhi ya mafundi hawakigusi. Kimesimama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, nyuma ya shoo, na vitabu hukiita rilei. Kazi yake ni kupokea mwendo kutoka kwenye sanduku na kuupeleka kwenye magurudumu. Nacho kinataka mafuta ya namba 90. Juu yake kuna kifuniko chenye boliti nne. Fungua boliti mbili tu, zinazotazamana. Tundu moja ni la kuingizia mafuta, la pili ni la kutolea hewa. Mafuta yakianza kuchungulia tundu la pili, kimejaa. Kinakunywa taratibu sana, kwa hiyo kazi hii ifanye siku ambayo huna safari.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya rilei kuna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa. Usiifungue rilei yote, wala usiwaache vijana waitoe kwenye chasisi na kuigongagonga ili waone kilichomo. Springi hiyo ikifyatuka inaweza kuvunja taya la mtu. Ikihitaji kufumuliwa, iende kwa fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Wako wanaosema, oili sili imekwisha, mafuta hayakai, basi tushindilie grisi. Nawaelewa, maana sili si rahisi kupatikana kila mahali. Lakini grisi nzito ikisukumwa na gololi inakwenda pembeni na kubaki huko, hairudi. Ukifungua kizibo utaona sanduku limejaa, kumbe gololi zinatembea kavu. Kama sili inavuja, ni afadhali kuongeza mafuta kila wiki mpaka utakapoibadilisha. Oili ya injini ni nyepesi, itakimbia upesi zaidi. Na mafuta ya breki hayaingii humo kwa hali yoyote ile. Wenye magari ya siku hizi, yenye kikopo cha mafuta ya usukani karibu na injini, hao habari yao ni nyingine: wafuate aina iliyoandikwa kwenye kizibo cha kikopo hicho, na namba 90 wasiitie kabisa.

Jambo jingine. Mafuta hayaponyi chuma kilicholika. Kama umejaza vizuri na bado usukani unacheza, mtu mmoja aushike na kuutikisa kushoto na kulia, na wewe lala chini utazame. Angalia boljointi za taírodi moja moja, utaona ipi inaruka. Angalia pia boliti zinazolishika sanduku, huenda zimelegea. Ile skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye sanduku isikazwe ovyo ili kuficha mchezo, kwa sababu usukani utakuwa mgumu na baada ya kona hautarudi wenyewe. Usukani ukizunguka upana wa kiganja kabla ya magurudumu kugeuka, gari hilo lisibebe mtu wala gunia mpaka litengenezwe.

Wakati wa kuifanya kazi hii ni mwezi Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi na kabla wenye magari hawajapata haraka ya nauli. Baada ya hapo fungua kizibo mara moja kila mwezi hadi msimu uishe. Na wewe usiye na gari, unayekodi, unayo haki ya kumwuliza dereva lini alitazama mafuta ya usukani, na kuushika usukani mwenyewe kabla gunia lako la kwanza halijapandishwa.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya motabloa, jinsi ya kuisafisha salfa kabla ya kuiweka stoo. Kwaherini.