Kompyuta ya Mchango na Somo la Waranti

(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama wetu wa Picha ya Ndege, ambaye ni mtumishi wa serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa faida ya waliokuwapo na wasiokuwapo. Mhariri.)



Nilipoombwa kusema machache leo, nilidhani nitapewa mada nzito, kama vile utumishi wa umma au maendeleo ya elimu. Katibu akaniambia, "Hapana, Ndugu, wewe tueleze habari za ile kompyuta." Hapo nikajua kwamba siku yangu ya kujieleza imefika. Nimekuja kujieleza, na vijana walioko nyuma pale watasamehe kwamba somo la leo halimo katika mtaala.

Nianze na neno lenyewe. Kaka zetu walioketi safu ya mbele wakisikia neno waranti hukumbuka karatasi ya serikali ya kupandia treni kwenda shuleni. Aliyeipoteza alibaki stesheni na sanduku lake. Waranti ninayoizungumzia leo ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kitu chake kikiharibika chenyewe katika muda uliotajwa, atakitengeneza au kukibadilisha bila malipo. Lakini tabia ni zilezile. Ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ina safari iliyoandikiwa, na asiyekuwa na karatasi hasafiri.

Sasa kisa chenyewe. Katika mkutano wetu wa 2022 tulikubaliana kuliingiza daftari la wanafunzi wa zamani katika kompyuta, maana vile vitabu vitatu vya mkono vilikuwa vimeanza kuliwa na mchwa. Tulichanga shilingi 1,600,000. Mkanichagua mimi ninunue, kwa hoja kwamba mtu wa serikali anajua taratibu za manunuzi. Februari 2023 nilikwenda Dar es Salaam, nikanunua kompyuta mpakato mpya kwa shilingi 1,480,000. Chenji nikairudisha kwa Mweka Hazina, na nilipigiwa makofi. Makofi yale niliyakumbuka sana baadaye.

Muuzaji aliniambia, "Hii ina waranti ya kiwanda, mwaka mzima." Akanipa kadi nzuri yenye rangi. Kadi haikuwa na mhuri, wala tarehe, wala jina la duka. Mimi, ambaye ofisini hurudisha hati ya malipo kwa kukosa sahihi moja, niliitia mfukoni na kusema asante.

Siku ya tisa mashine ilizima yenyewe. Wakati huo nilikuwa nyumbani Picha ya Ndege, na kijana mmoja wa kidato cha tano, jirani yangu, ndiye aliyekuwa akipiga chapa majina. Tukaiwasha, ikaenda nusu saa, ikazima tena. Kesho yake ikazima mara tatu. Kijana alikuwa amefika jina la 214.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kosa langu, na ndiyo sababu ya kusimama mbele yenu. Mwenyekiti alinipigia simu kuuliza daftari linakwendaje. Nikamjibu, "Linakwenda vizuri, Mwenyekiti." Sikuwa nimeiba hata senti moja, lakini nilijibu kama mwizi. Niliogopa mtasema nimenunua kitu cha bei poa na kutia tofauti mfukoni. Wiki tatu nikakaa na mashine mbovu na siri yangu. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwishowe niliichukua kwa siri kwa fundi mmoja karibu na kituo cha daladala cha Picha ya Ndege. Nilimwambia nitampa shilingi 30,000 aimalize siku hiyohiyo. Kijana yule alishika bisibisi, akaigeuza mashine, akaona stika ndogo iliyofunika skrubu moja. Akaweka bisibisi chini. "Mzee," akasema, "hii bado mpya. Nikiifungua hapa watasema mimi ndiye niliyeiharibu. Irudishe kwanza ulikonunua." Hakuchukua hata shilingi. Watu husema mafundi wetu ni waongo. Mimi niliokolewa na fundi, na mwongo siku ile nilikuwa mimi.

Nikaenda dukani. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba umeme wetu wa Kibaha hupanda na kushuka. Nikarudi nyumbani nikifikiri. Chaja yenyewe imeandikwa kwamba inakubali volti 100 hadi 240. Tena mashine ya namna hii ina betri yake. Basi nikaichomoa chaja kabisa na kuiwasha kwa betri tupu, nikaandika katika daftari kila ilipozima: tarehe, saa, betri ilikuwa asilimia ngapi, nilikuwa nafanya nini. Kwa siku tano ilizima mara kumi na moja, na mara zote haikuwa imegusa umeme wa ukutani. Mara mbili niliipiga picha ya video kwa simu. Niliporudi dukani na daftari lile, habari ya umeme haikutajwa tena.

Jibu la pili lilikuwa, "Wapigie wenye kiwanda." Nikawapigia. Aliyepokea alikuwa mstaarabu. Aliniomba namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine, akaitazama kwenye kumbukumbu zao, akanieleza mambo mawili. La kwanza, mashine ile ilitengwa kwa soko la nchi nyingine, na waranti yake haihudumiwi huku kwetu. La pili, waranti ilikuwa imeanza kuhesabiwa miezi minane kabla sijainunua. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeshika waranti ya Kigoma nikiwa ndani ya treni ya Moshi, na treni ilikwisha ondoka.

Usiku ule nilimpigia Mwenyekiti, nikamweleza yote tangu siku ya tisa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Lakini kesho yake aliniunganisha na mwenzetu mmoja mwanasheria, na kwa dakika kumi alinifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya Chuo Kikuu haikunifundisha.

Alisema hivi: "Wewe hukununua kutoka kiwandani. Ulinunua dukani. Waranti ya kiwanda ni nyongeza tu, na iwapo haifanyi kazi, wajibu wa muuzaji uko palepale." Akanionyesha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni. Inasema kwa ufupi kwamba mnunuzi akimweleza mfanya biashara kazi anayotaka kuifanya kwa kitu, akategemea ujuzi wake, basi kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Tena bidhaa inayouzwa na mtu ambaye ndiyo biashara yake yapasa iwe na ubora wa kuuzika. Kisha akanionyesha Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hiyo inakataza kumpotosha mlaji, pamoja na kumdanganya kuhusu waranti au haki aliyonayo, na Tume hupokea malalamiko ya walaji. Yale maandishi tunayoyaona madukani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, yanaweza kumzuia aliyebadili nia kwa sababu rangi haikumpendeza. Hayageuzi kitu kibovu kuwa kizima.

Ndugu zangu, si sisi wa kwanza kuumizwa na kompyuta katika nchi hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu za serikali kwa kompyuta ilikwenda mrama, ikaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Nawaelewa wazee wale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kufunga mlango kulizuia hasara pamoja na faida. Kinachomlinda mnunuzi, awe serikali au mtu mmoja, ni kuuliza kabla ya kulipa: ikiharibika, nani ataitengeneza, wapi, na kwa gharama ya nani?

Wala kununua kitu kibovu si aibu. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa betri milioni 4.1 za kompyuta zake, betri zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ziliweza kushika moto. Ikiwa makampuni makubwa namna hiyo yalikiri kosa lao mbele ya dunia nzima, mimi wa Picha ya Ndege nilikuwa naona haya ya nini?

Basi niliandika barua ya ukurasa mmoja. Sikutukana wala sikutisha. Nilitaja tarehe ya kununua, bei, ahadi niliyopewa, hitilafu na siku ilipoanza, majibu ya kiwanda, na ninachotaka: mashine nyingine nzima au fedha zetu. Niliambatisha nakala ya risiti, kurasa za daftari langu, na maandishi ya kiwanda kuhusu tarehe ya waranti. Nikatoa siku kumi na nne, nikaeleza kwamba baada ya hapo nitaipeleka habari hii kwenye Tume. Nakala moja wakaitia sahihi na tarehe ya kupokea, kama tufanyavyo maofisini.

Siku ya kumi na moja waliniita. Walitaka kwanza kuitengeneza, nikakataa. Tukakubaliana kubadilisha. Safari hii niliisoma namba ya mashine mpya palepale juu ya kaunta, nikaitazama waranti yake kwenye tovuti ya kiwanda kabla ya kutia sahihi. Ndiyo mashine hiyo iliyoko mezani kwa Katibu.

Lakini hatukushinda yote. Mashine ya kwanza ilikuwa imekufa kabisa kabla ya kuirudisha, na yale majina 214 yalikwenda nayo. Waranti, hata iliyo safi, hulinda chombo na si kilichomo. Sikuwa nimeweka nakala popote. Kijana yule alianza upya kutoka jina la kwanza, wakati wa likizo yake, bila kunung'unika. Yuko hapa leo, na naomba asimame tumwone. Majina sasa yamefika 1,126, na nakala zake ziko mahali patatu.

Vijana, wengi wenu mtanunua mashine kama hii mkienda vyuoni, pengine kwa fedha ambayo mama ameuza mbuzi. Shikeni mambo haya matano:

1. Daini risiti ya mashine ya EFD, na siku hiyohiyo itoeni nakala. Wino wake hufifia kwa joto, na risiti nyeupe haina ushahidi.

2. Kabla ya kulipa, isomeni namba ya mashine na kuiangalia kwa mtengenezaji: waranti ilianza lini na inahudumiwa nchi gani. Kadi iandikwe tarehe na kupigwa mhuri wa duka.

3. Siku za kwanza itumieni sana. Ubovu wa kiwandani mara nyingi huonekana mapema, na mapema ndiyo nguvu yenu.

4. Ikileta matata, msiifungue. Andikeni kila tukio na saa yake, mrudi dukani upesi.

5. Wekeni nakala ya kazi zenu mahali pengine tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kuirudisha mashine, mfute mambo yenu ya siri iwapo bado inawaka.

Walimu wetu walitufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza moja kutokana na yaliyonipata: haki bila kusema hupotea vilevile. Duka lilinichelewesha wiki chache, lakini wiki tatu za mwanzo nilizipoteza mimi mwenyewe kwa kuona haya mbele ya ndugu zangu. Kama mashine ile ingefunguliwa kwa bisibisi wakati wa siri zangu, mchango wenu ungekwisha palepale, na wala nisingalipata mtu wa kumlaumu.

Ndugu Mwenyekiti, ile 120,000 ya chenji iko katika hesabu. Nauli zangu za kwenda na kurudi mjini, shilingi 34,000, sizidai. Hiyo ni ada ya shule.