Juu ya Timu ya Vijana Wetu na Msimu wa Kushindwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Gede)



Halmashauri imetupa kazi ya kusema machache juu ya timu ya mpira ya vijana wetu wa chuo, ambayo chama hiki huisaidia kwa mipira, jezi na nauli. Kazi yenyewe si tamu. Nyote mwajua ya kuwa katika msimu uliokwisha vijana hawakushinda hata mechi moja. Walifungwa hapa nyumbani, wakafungwa Malindi, wakafungwa na Kilifi.

Baada ya hayo limeletwa pendekezo kwamba fedha za mpira zihamishwe, zitiwe katika mfuko wa mazishi. Pendekezo hili halikuletwa kwa chuki. Limetoka kwa wazee waliochanga shilingi zao kutokana na nazi na korosho, nao wana haki ya kuuliza shilingi hizo zimekwenda wapi. Basi twaomba kujibu kwa heshima.

Kwanza, yafaa tukumbuke kwamba kushindwa hakukuanzia Gede. Kikombe cha Gossage kilianza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Mwaka 1961 Kenya iliifunga Zanzibar mabao 10 kwa bila. Ndugu zetu wa visiwani hawakuvunja timu yao. Mashindano yakabadilishwa jina, nao wakaendelea kwenda na kurudi mikono mitupu, hata mwaka 1995, nchini Uganda, ndipo walipokitwaa kikombe kwa mara ya kwanza. Tangu 1949 hadi 1995 ni miaka 46. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule walioingia, huenda alikwisha kuitwa babu siku waliposhinda.

Wala sisi Wakenya tusijione. Tarehe 12 Desemba 1965, siku ya Jamhuri, timu ya taifa ilifungwa na Ghana mjini Nairobi mabao 13 kwa 2. Ghana walikuwa mabingwa wa Afrika, maana mwezi uliotangulia walikuwa wamelitwaa kombe huko Tunis. Hata hivyo mabao 13 ni mabao 13, na aibu ya siku ya sherehe haifichiki. Lakini mwaka 1967 Kenya ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1972 ikafika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika, lililochezwa Cameroon. Hatusemi kwamba kufungwa kule ndiko kulikoleta mafanikio haya. Twasema tu kwamba hakukuyazuia.

Na mwalimu wa Waghana hao, Bwana C. K. Gyamfi, yeye mwenyewe alijua ladha ya kushindwa. Mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa vijana wa Gold Coast waliopelekwa Uingereza kucheza. Huko walishindwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Kijana huyo baadaye akawa mwalimu, akaiongoza Ghana kulitwaa kombe la Afrika mwaka 1963, mwaka 1965 na tena mwaka 1982.

Mzee mmoja aweza kusema: hayo ni mambo ya mataifa, sisi tuna chuo kimoja tu. Ni kweli. Basi na tuyatazame ya kwetu. Mwanafunzi wa chuo hakai sana. Akisha kuzoeana na wenzake, masomo yamekwisha, huyo kaondoka. Kila mwaka timu huanza upya, hali wale wanaoshindana nao wamecheza pamoja miaka mingi. Tena mazoezi yamekuwa ya siku moja kabla ya mechi, na safari imekuwa ya siku ile ile ya mchezo, hata kijana huingia uwanjani amechoka kabla ya kupiga mpira. Hizi ni sababu zinazoweza kutengenezwa.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mazishi, maana hapo ndipo penye neno. Mfuko hununua sanda na mbao. Hauchimbi kaburi, wala hauteki maji, wala haubebi viti. Mwaka huu kila palipotokea msiba, wazee wenyewe ni mashahidi kwamba vijana wa timu walifika pamoja, bila kuitwa mmoja mmoja. Walifika pamoja kwa sababu wamezoea kukutana. Tukiivunja timu, tutaongeza shilingi chache katika mfuko na kupunguza mikono mingi msibani.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo manne. La kwanza, timu isaidiwe msimu mmoja zaidi, bila kuugusa mfuko wa mazishi. La pili, mazoezi yawe mara mbili kila juma, saa kumi na moja jioni, na asiyehudhuria asichezeshwe. La tatu, vijana waliomaliza chuo na wanaokaa karibu waombwe kuwafundisha wageni, na mzee mmoja achaguliwe kuwa mlezi wao. La nne, hesabu ya kila shilingi ya mpira isomwe katika mkutano, kama isomwavyo hesabu ya mazishi. Mwisho wa msimu tuwapime kwa adabu na bidii yao, pamoja na mabao. Wakionekana wavivu, wazee wataamua, na hakuna atakayelalamika.

Hapa kwetu wageni huja kutoka mbali kuutazama mji wa kale wa Gede, ambao mwaka 2024 uliandikwa katika Urithi wa Dunia. Msikiti ungaliko, na kuta za jumba zingaliko. Watu ndio waliohama. Chama nacho chaweza kuwa na daftari safi na sanduku lenye fedha, kikakosa vijana wa kukirithi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo letu limevunjika msimu huu. Wahunzi wangali wapo, nao wanangoja neno lenu.